Siku ya Kumi na Moja

Siku ya kumi na moja, Hima hajaenda choo.
Nimezihesabu kwa mkaa, ukutani uwani,
pale pale mamangu alipokuwa akiandika madeni ya duka.

Hima ni kobe.
Aliyempa jina alikuwa na mzaha, au alikuwa na haja.
Nimemrithi pamoja na nyumba hii ya Langoni,
kitanda kisicho na chaga mbili,
na shangazi yangu, Bi Mwanatumu,
ambaye naye, siku hizi,
husukuma sahani kando akasema ameshiba.

Mimi ndiye niliyemlisha. Nakiri.
Asubuhi hamri, nimelichovya chai.
Mchana ukoko wa wali wa nazi.
Jioni pembe ya mkate wa mofa,
na kila alipokifungua kile kinywa cha kizee, kisicho na jino,
moyo wangu ulinenepa.
Nilidhani kupenda ni kushibisha.

Sasa amejikunyata chini ya ngazi.
Miguu ya nyuma husukuma sakafu
kama mtu anayesogeza kabati peke yake,
kisha huacha.
Bunu, mtoto wa jirani, akasema: "Mtie baharini akoge."
"Huyu si kasa," nikamwambia. "Huyu akizama, amezama."

Daktari wa kobe hatuna.
Tuna daktari wa punda.
Nikambeba Hima katika kikapu cha ukili, nimemfunika leso,
nikapanga foleni nyuma ya punda watatu:
mmoja ana kidonda mgongoni,
mmoja anakohoa,
wa tatu sijui, alikuwa akinitazama mimi tu.

Daktari Famau akapapasa kwa kidole
mbele ya mguu wa nyuma, penye ngozi laini.
"Unampa nini?"
Nikataja. Kila nilichotaja kilinipunguza sauti.
"Bwana, huyu ni mla ukoka," akasema.
"Wewe umemfanyia harusi kila siku."

Beseni la maji vuguvugu, yasimpite kidevu,
dakika ishirini, asubuhi na jioni.
Ukoka. Matembele. Ua la boga.
Pungate, baada ya kuikwangua miiba.
Gamba la dome, yametapakaa pwani, agugune mwenyewe.
Mkate, asiuone hata kwa mbali.
"Na atembee. Aliyeletewa kila kitu mdomoni
atakwenda wapi?"

Niliporudi nikayarudia yote kwa sauti, ukumbini,
eti namsomea Hima,
na pazia la chumba cha shangazi
likatulia kama sikio.

Maji niliyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga.
Hima akazamisha pua, akanywa
mikupuo mirefu, mirefu,
kama aliyekuwa amesahau kwamba maji yapo.

Ya kumi na mbili, hakuna.
Ya kumi na tatu, hakuna.
Akanifuata jikoni nikipika mahamri,
akagonga mguu wa meza kwa gamba: tok.
Akangoja.
Tok.
Ni kazi kumnyima anayeomba bila maneno.

Asubuhi ya kumi na nne nikakuta jikoni nusu ya papai.
Sikulikata mimi.
Birika lilikuwa bado na joto.
Na shangazi, asiyevuka kizingiti cha chumba chake tangu Mfungo Sita,
alikuwa akizunguka uwani, mkono ukutani,
mzunguko wa tatu, wa nne,
Hima nyuma yake, wakienda mwendo mmoja.
Sikuuliza. Nyumbani kwetu yako mambo
ambayo hata daktari huambiwa kwa mafumbo.

Adhuhuri maji ya beseni yakabadilika.
Kwanza cheupe, kama chokaa ya kupakia nyumba.
Kisha chenyewe: cheusi, kigumu,
kirefu kuliko nilivyodhani kobe ana nafasi,
na nyuma yake kingine, laini,
chenye nyuzi za ukoka.
Nikaushika ukuta, nikafuta siku zote kumi na nne kwa kiganja.

"Shangazi!" nikaita, mkono mweusi. "Shangazi, ametoa!"

Kimya.
Kisha, nyuma ya mlango wa choo,
maji yakamiminwa kwa kata,
mara ya kwanza, mara ya pili, bila haraka.
"Alhamdulillahi," akajibu,
na mpaka leo sijui
alikuwa akimshukuria nani.