Ikiwa Nandi Kumenyesha

Mwalimu Chelagat alichora mstari wima ubaoni,
akauacha umesimama peke yake
kama kigingi chetu ukingoni mwa Nyando.
"Huu hausomwi 'gawanya'," alisema.
"Unasomwa: ikiwa tumeshajua."

Kidato cha tatu, Ahero, saa nane na nusu,
bati linalia kwa jua,
nami nimeshapata sifuri mbili wiki hii.
Mipira myekundu, mipira ya samawati, mfuko.
Nani aliinunua? Mbona akishautoa mmoja haurudishi?
Apondi hujibu kabla chaki haijatua.
Mimi hunakili tu, hata makosa ya ubao.

Siku hiyo mwalimu aliiacha mipira mfukoni.
Aliliinua daftari langu, akaligeuza.
Nilikuwa nimelifunika kwa kalenda ya mwaka jana,
ya duka la mbolea,
Aprili na Mei, siku sitini na moja,
moja imemezwa na gundi.
"Alama hizi ni za nani?"
Za mama.
Nukta: milima ya Nandi imejifunika mvua.
Duara: maji yamepita rangi ya kigingi.

Tukahesabu, darasa zima, kwa sauti.
Maduara kumi na manane.
Kumi na nane kwa sitini. Tatu kwa kumi.
Nikaandika, nikapiga mstari chini,
na hapo simu yake ikatetemeka mezani.
Mama yake, huko juu:
kunanyesha tangu saa sita,
hata ng'ombe wamekataa kutoka.

Akashika kifutio.
Akaifuta sitini.
"Siku kavu si zetu tena. Badilisheni asili."
Nyuma mtu akacheka puani,
maana neno hilo, huku kwetu, watu hulipima kwa jina la mtu.
"Asili ya sehemu, Ogweno. Iliyo chini ya mstari."
Hakuinua sauti. Lakini chaki ilivunjika.

Nukta ishirini.
Zenye duara, kumi na tano.
Tatu kwa nne!
Nikatazama dirishani: hakuna wingu hata la kufutia kamasi.
Anga ile ile, mto ule ule,
ila habari moja imeingia mlangoni
na hesabu imehama nyumba.

Nikaropoka: "Kwa hivyo mto ukifurika,
ni tatu kwa nne kwamba Nandi kulinyesha?"
"Umevaa shati nyuma mbele," akasema.
Sasa waulizwao ni wenye duara, kumi na wanane.
Kumi na tano ni wale wale,
lakini wamekaa kwenye boma jingine.
Tano kwa sita.
Nilivua lile shati kichwani, polepole.

Nikakimbia nyumbani na robo tatu yangu mdomoni.
Mama alikuwa ameshapandisha magunia ya mpunga kitandani,
kuku juu ya dari.
"Nukta nilizitia mimi," akasema, "wewe unaniambia nini?"

Usiku nilikwenda na tochi.
Maji yalipanda, rangi ya chai iliyochacha,
yakanusa kigingi,
yakafika vidole viwili chini ya alama,
yakasimama hapo
mpaka jogoo wetu akawika kutoka darini
na majirani wakacheka hadi wakakaa chini.

Nilidhani nimepata sifuri ya tatu.
Nikaona haya kwa niaba ya mwalimu, ya mama, ya kalenda.
Kisha nikazikumbuka zile nukta tano zisizo na duara,
ambazo jana sikuzitazama hata mara moja.
Nazo zilikuwa siku.
Watu waliamka, wakasaga, wakacheka jirani.

Mama alitia nukta kwenye kalenda mpya.
Duara hakutia.
Nikauliza kama nishushe magunia.
Aligeuka kwanza, akaitazama Nandi,
kitambo,
kama mtu asomaye kilichoandikwa upande wa pili wa mstari.
"Acha," akasema.