Ukurasa wa Tisini na Moja

Kitabu nilikikuta soko la Mbale,
chini ya fungu la sidiria za mitumba,
jalada limeliwa na mende, bei shilingi elfu mbili.
Ukurasa wa tisini na moja: Malewa.
Na chini yake, kwa herufi za kulala:
nilifundishwa na mpishi wangu, mlimani Elgon.
Mpishi wangu. Basi.
Kama mtu asemavyo kijiko changu.

Mpishi huyo ni bibi yangu, Nambozo wa Wanale,
aliyempikia Bi. Lorena Pruwiti miaka mitatu
katika nyumba ya mabati mekundu, nyuma ya shule ya wasichana.
Uhuru ulikuta wanakaanga vitunguu.
Mmarekani, mrefu, mwembamba kama mwiko,
alikuja na mizani, saa ya kuchemshia mayai
na Kiswahili cha kijitabu.
Cha Bibi kilitoka kambi ya polisi,
kwa mumewe wa kwanza, kimejaa amri.
Wakakutana humo, ndani ya lugha ya watu wengine,
wanawake wawili walioazima sufuria moja.

"Unga kiasi gani?"
"Wa kutosha."
"Wa kutosha ni vikombe vingapi?"
"Mpaka mkono ukatae."
Bi. Lorena akaushika ule mkono,
akaumimina unga wa kiganjani ndani ya kikombe,
akausawazisha kwa mgongo wa kisu,
akaandika.
Hakuna aliyewahi kumpima Bibi hivyo.
Alichukia. Alipenda. Mpaka leo hajui.

Usiku, chemli ikitoa masizi,
alisimuliwa habari za shamba la ngano lisilo na mwisho,
na mhariri wa gazeti aliyerudisha makala ya kwanza
na maneno mawili pembeni: Rudi jikoni.
Akarudi kweli.
Akatoka huko na vitabu vitatu,
na kwao, Bibi aliambiwa, bibi harusi
hupewa kimojawapo pamoja na shuka.

Nikamsomea ukurasa, nikitafsiri polepole,
maana macho yake sasa yanaona mwanga tu.
Loweka malewa yaliyokaushwa kwa moshi. "Ndiyo."
Chemsha, mwaga maji, chemsha tena. "Ndiyo."
Karanga za kusaga, kikombe kimoja na nusu. "Mh."
Chumvi, kijiko kimoja.
Hapo akacheka hadi akapaliwa.

"Chumvi! Mjukuu wangu,
kuna kitu nilikuwa nakitia
akienda kufungua dirisha.
Kila mara: moshi, Mama, moshi,
naye huyo, mbio, kalamu sikioni."

Kwa nini, Bibi?

Alipapasa meza akitafuta kikombe chake.
"Aliandika kila kitu, yule.
Aliandika hata ninavyopuliza moto.
Nikataka kimoja kibaki bila wino."

Lakini nenda kibandani kwake Ijumaa,
barabara ya Naboa, pale pikipiki zinapojipanga.
Kuna pai ya papai,
unga wake umesawazishwa kwa mgongo wa kisu kilekile,
mpini umefungwa mpira wa baiskeli.
Vijana wa bodaboda hawasemi pai.
"Nipe pruwiti mbili na chai ya rangi."
Hawajui kwamba hilo ni jina la mtu.

Jioni hiyo nilichukua penseli,
nikakata mpishi wangu,
nikaandika Nambozo, herufi moja moja,
nikizitamka ili azisikie.
Akatikisa kichwa kila herufi,
kama anayehesabu chenji.

"Na chumvi, niikate?"
"Chumvi iache."

Karanga zilikwisha kusagwa, chungu kinatokota.
Akanyoosha mkono rafuni, akasita, akageuka upande wangu.
"Moshi umezidi," alisema.
"Hebu kafungue dirisha."