Majimbo Kumi na Matatu

Darasa la tano, Kadutu, mvua juu ya mabati,
Mwalimu Nshombo anapaza sauti:
Amerika ya mwanzo, majimbo kumi na matatu,
kila moja na mfuko wake, ufunguo wake.
Baraza la juu lilikuwa na mdomo;
mkono wa kukusanya kodi halikupewa.
Waliogopa kuzaa mfalme mwingine.

Tunaandika. Chaki inakatika.

Kisha Cibalonza, yule wa dawati la nyuma,
asiyeuliza kitu tangu Septemba:
"Na askari, mwalimu, nani aliwalipa?"

"Hakuna. Miezi na miezi."

Kalamu zikasimama.
Hakuna aliyehitaji kuelezwa
askari asiyelipwa anabisha mlango gani,
saa ngapi.

Mwalimu akageukia ubao,
akaandika: Katiba, jaribio la pili.
Chini yake akaacha nafasi kubwa.