Tairi Lako Linavuja

Sheli yetu ina pampu mbili, moja nzima.
Ile mbovu tumeivika gunia la salfeti,
na usiku, kwa mgeni, inafanana na mtu aliyechuchumaa.
Mimi nimeizoea.
Na wenzangu wa gizani wameizoea:
hujibanza nyuma yake wakingoja taa za gari.

Naitwa Kalunde. Naingia saa kumi na mbili jioni,
hapa Sikonge, lami inaponyooka kuelekea Ipole
na miombo inasogea kama watu wanaotaka kusikiliza.
Msimu wa tumbaku. Wakulima wamelipwa.
Mtu aliyelipwa namjua kabla hajazima injini:
anagusa mfuko wa koti, anaacha, anagusa tena,
kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.
Na nikimjua mimi,
wa nyuma ya gunia amekwisha kumjua.

Hawaji na panga. Panga lina makelele.
Wanakuja na adabu.
"Shikamoo baba. Samahani, tairi lako la nyuma linavuja."
Nani haiinamii sentensi hiyo?
Nimeisikia kwa sauti tatu mwaka huu,
na hakuna tairi lililowahi kuvuja.

Jumanne alikuja Mihambo wa Kitunda, na pikapu ya kuazima.
Akashuka kutazama namba, maana wote hudhani tunapunja.
Ufunguo ukabaki unaning'inia.
Kiti cha mbele kulikuwa na mtoto amelala,
miguu yake juu ya fuko la mbolea
ambalo halikuwa na mbolea.

"Shikamoo baba."
Mihambo akainama.
Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha pampu,
lita ya kumi na nne, ya kumi na tano,
na ndani ya kioo, juu ya namba,
nikaona mlango wa upande wa pili
unafunguka polepole kama kope.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Fupi, herufi tano.
Ng'ambo ya barabara bodaboda saba wanapiga soga;
wangefika kabla sijafunga mdomo.

Nikalimeza.

Mwaka juzi nililisema, kwa nguvu zangu zote.
Baadaye kidogo kijana mmoja akaja na chupa ya maji,
akataka lita moja, akalipa kamili, akasema asante.
Sikumuuliza ya nini. Nilimpimia.
Nilipoinua uso nikaona wenzake wanavingirisha tairi
kuelekea walikozunguka watu,
na lile, kweli, halikuwa na upepo.

Kwa hiyo nikaita jina tu.
"Mihambo! Mlango! Mtoto!"
Sauti yenyewe sikuitambua, ilikuwa ya marehemu shangazi.
Mtoto akaamka, akakumbatia fuko
bila kujua ni la nini,
na mkono uliokuwa ndani ukatoka mtupu.
Walitembea. Hawakukimbia hata.
Anayekimbia Sikonge usiku anajulikana mara moja.

Mihambo akasimama na vumbi magotini,
akaniangalia mimi, akaangalia namba, akasema:
"Umezidisha lita."
Nilikuwa nimezidisha. Mkono ulisahau kuachia.
Asubuhi bosi alizikata kwangu, bila swali.

Tangu hapo kila gari naliambia vilevile, nikikaripiwa sawa:
chomoa ufunguo, funga mlango,
tairi utalitazama mbele, penye watu na taa.
Wengine hucheka. Mmoja aliniuliza kama nalipwa kwa ushauri.

Juzi alikuja yule wa adabu, peke yake, na pikipiki.
Elfu tatu, akasema, akanipa noti safi.
Tukatazamana. Alikuwa na kovu dogo kidevuni,
na umri wa mdogo wangu.
Nikahesabu chenji, mkoba wa mauzo nimeubana kwapani.
"Dada," akasema taratibu, "gunia lako limechanika, pale nyuma."

Sikugeuka.
Naye akatabasamu, akawasha, akaenda.