Kisanduku cha Kwanza

Fomu inafungwa saa sita usiku.
Sebuleni Mabela kiyoyozi kinakohoa.
Baba kavaa miwani ya kusomea bili,
anapiga hesabu ya petroli mpaka Nizwa:
kunichukua Alhamisi, kunirudisha Jumamosi,
kana kwamba udaktari hupimwa kwa lita.

Zuweina, binti wa ami, alichagua jina.
Chuo cha marumaru, picha zake barabarani,
wanafunzi mia tatu ukumbini, yeye kiti cha nyuma.
Miaka minne. Alipotaka barua ya mapendekezo
profesa akamuuliza, "Na wewe ni nani?"
Alama zake zikasimama nje ya mlango wa utabibu
kama mtu aliyesahau kitambulisho.
Sasa anauza bima. Anauza vizuri, wala simcheki.

Mama anasema, "Lakini watu watauliza."
Watu, kwetu, ni mashangazi watano wa Sib
na kikundi kimoja cha simu kisicholala.

Mwezi uliopita nilikwenda Nizwa kimyakimya,
Hilal akiendesha.
Chuo kidogo, ukuta rangi ya vumbi, mbuzi getini.
Hadubini kumi na moja, nne mbovu.
Bi Leela, mtunza maabara, funguo kiunoni,
aliniuliza kwa Kiarabu chake cha Kerala:
"Umekuja kutazama chuo, au kutazama kitu?"
Akabandua ngozi ya kitunguu, tone la iodini.
Nikainama.
Vyumba, vyumba, vyumba, kila kimoja na taa yake.
Hilal alipiga honi mara tatu.

Nyumbani sikusema. Utawaambiaje
kwamba kitunguu kimekuliza,
na si kwa ukali wake?

Saa tano na dakika arubaini.
Mie si shujaa. Fizikia nina sitini na nane,
na mlango ule huenda nami ukanifungia.
Huenda nikaishia kuwafundisha seli watoto wa Izki.
Nimejaribu kulichukia wazo hilo;
halichukiki.

Baba anazima kikokotoo.
"Lita arubaini na mbili kwa wiki."
Kisha, bila kunitazama:
"Gari lile halili sana, barabara ikiwa tupu."

Nikaandika Nizwa, kisanduku cha kwanza.
Mama akenda jikoni kupasha chai,
nikamsikia akijaribu sentensi, moja baada ya moja,
atakazowapa mashangazi.