Kiberiti Bila Moto

Neno letu ni moja kwa vitu viwili:
kiberiti cha kuwashia jiko,
na kiberiti kile cha manjano, salfa,
ambacho Mwalimu Buheta hukichota kwa kijiko cha chai
kutoka mfuko wa dawa ya nyanya.
Leo nataka hicho cha pili
kiniwashie taa bila kuwaka.

Dirishani mwa maabara, hapa Mwanga,
ziwa lote laonekana hadi milima ya Kongo.
Maji, na nyuma ya maji, maji,
na kazi yangu haitaki hata tone.
Tone moja tu, lithiamu hupandwa na hasira,
hutokota, hufuka, hujimaliza.
Kwa hiyo nimeliziba kasha la plastiki kwa gundi,
nimelijaza argoni ya kuazima
kwa wachomeleaji wa bandarini.
Feruzi alisema, "Mtungi urudi Ijumaa."
Ijumaa ilikuwa juzi.
Mikono yangu imo ndani ya glavu nene za mpira;
pua ikiwasha, naikuna kwa bega.

Kimiminika ni etha.
Hakijui mto, hakijui masika.
Humo salfa hulegea kidogo, kwa haya:
atomi nane zimeshikana mikono, duara,
haina wa kwanza, haina wa mwisho.

Nikaunga waya.

Elektroni mbili zikaingia kama wageni wa usiku,
mahali fulani mkono ukaachia mkono,
duara likawa mnyororo wenye ncha mbili,
kila ncha na lithiamu yake.
Chupani rangi ikapanda:
mawese. Naapa, mawese yale yale
mama anayokamua kule Simbo.
Nane zikawa sita, sita zikawa nne.
Mita ikashuka kutoka mbili nukta tatu,
ikafika mbili nukta moja, ikakaa.
Nikanywa chai kikombe kizima. Imekaa.
Kisha weupe ukaanza kutua
kama unga wa muhogo chini ya sufuria,
na mita ikaporomoka.

Kuchaji ndiko kulikonitia aibu.
Umeme umeingia tangu saa nne, saa saba, saa kumi.
Haijai.
Ile minyororo yaelea, yavuka kizuizi,
yafika kwa lithiamu, yakatwa fupi,
yarudi kurefushwa, yaondoka tena.
Namjua mtu wa namna hiyo.
Kaka yangu Kitwana, treni ya Tabora, kwenda na kurudi,
dagaa huku, asali kule, miaka sita,
na kila akikaa kuhesabu
nauli imeshakula faida.
Hakuibiwa. Alikuwa njiani tu.

Nikapaka kizuizi mkaa wa makaka ya mise,
uliosagwa laini kama wanja,
kwamba labda minyororo itanata humo
isahau safari.
Ikanata. Si yote.

Siku za giza zilipoingia
mdogo wangu Zamda akaifunga kwenye taa
ya mtumbwi mmoja wa Kibirizi.
Ikaangaza usiku kumi na moja.
Dagaa walikuja, si kwa wingi, lakini walikuja.
Usiku wa kumi na mbili ikazimika katikati ya ziwa
na nahodha akanitukana kwa Kiha, kwa simu,
hadi salio lake likaisha.

Leo nimeifungua. Yai viza!
Jirani amefunga madirisha yote,
shangazi anauliza kama kazi hii ina pensheni.
Lithiamu imepauka, imeota vipele,
ina ukurutu wa njano upande uliotakiwa kuwa safi,
ushahidi wa nani alipita na nani hakubaki.

Nikafungua daftari:

Betri ya saba. Etha ile ile. Kizuizi bado kinavuja.
Mkaa uongezwe, usagwe tena.
Mtungi wa Feruzi: rudisha.

Nikakaa nikiutazama mstari huo wa mwisho.
Nikaukata.
Nikaandika: omba wiki moja.