Jicho la Kushoto

Paka alizaa nyuma ya magunia, ghala la chama, Kitangari,
mwaka ule malipo ya pili yalipochelewa.
Watoto wanne. Watatu walifumbua macho siku ya tisa.
Wa nne alifumbua moja.
La kushoto lilishikwa na tongo,
kope zikagandana kama mdomo wa gunia lililoshonwa.

Sikulisafisha. Nilikuwa nachambua korosho, daraja la kwanza, la pili,
nikasema litafunguka lenyewe.

Lilifunguka lenyewe. Miezi minne imepita,
safi, la kijani, kama tone juu ya jani la muhogo.
Nikaliziba la kulia kwa kiganja, mchezo tu,
nikapitisha uzi mbele yake.
Hakugeuka.
Nikamwachia atembee hivyo hivyo: akagonga mizani.

Bwana mifugo Litunu akamulika tochi.
Mboni ikajibana, kama inavyotakiwa.
“Jicho zima hili,” alisema. “Shida ipo kichwani.
Kila jicho lina shamba lake humo,
na shamba hilo hulimwa siku za mwanzo.
La kulia lilipoona mwenzake halimi,
likasogeza mpaka.”
Akawasha pikipiki.

Mipaka tunaijua, watu wa huku.
Ikishasogea, hata uje na mashahidi.

Paka yule yupo bado.
Panya wa ghalani wamejifunza kupita kushoto kwake.

Juni hii, mikorosho ina vumbi la salfa,
nimemsimamisha Shaweji wangu mlangoni, wiki ya saba,
jua la asubuhi limempiga usoni,
na ndani ya mboni ya kushoto
weupe, kama tui.

Mama mkwe anasema tusubiri mnada, Oktoba si mbali,
mtoto mchanga hapelekwi kwenye kisu,
huo ni mtoto wa jicho tu.
Mtoto hukua, mama, nikamjibu.
Nikauza cherehani.

Basi la kwanza, saa kumi na moja alfajiri.
Nimempakata dirishani, kushoto kwake kukitazama nje,
kunapambazuka polepole:
ukuta, mbuzi, mwanamke na ndoo, nguzo, nguzo,
vipite hata kama kwake ni ukungu.

Kondakta anauliza tunashuka wapi.
Ndanda, nasema.
Na msisimamesimame njiani.